Ningu Wanaopanda, Ningu Wanaoshuka

Vijana mnaoingia kazi ya samaki, juzi mmoja wenu alinitembelea hapa Nyanga na kompyuta yake ya kubeba. Aliiweka juu ya meza ninayochambulia maharage, akabonyeza mara mbili tatu, ukatokea mstari wa samaki wa ziwa na mstari wa mapato ya wavuvi, yote miwili katika picha moja. Akanieleza kwa upole mwingi kwamba siku hizi elimu ya viumbe na elimu ya uchumi zinafanya hesabu pamoja, ili ijulikane ni nyavu ngapi ziingie majini bila samaki kwisha na bila mvuvi kulala njaa. Nilimuuliza samaki waliooza wamo katika mstari upi. Akaitazama kompyuta, akanitazama mimi, halafu akaniomba chai.

Ni kijana mzuri na chai nilimpa. Lakini alipoondoka nilikaa nikajicheka mwenyewe, maana swali lile sikuzaliwa nalo. Lilinigharimu aibu, na karibu linigharimu kazi. Basi nimeona niwaandikie, kila mtu akosee makosa mapya, asirudie yangu.

Niliajiriwa Bukoba miaka ya mwanzo ya ujamaa, mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi. Nilikuwa karani wa takwimu za samaki, na katika ofisi ile nilikuwa mwanamke pekee ambaye hakuajiriwa kupiga taipu. Kazi yangu ilikuwa kukaa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, nikiwa na ubao wa kupimia, mizani na daftari. Mtumbwi ukifika naandika samaki gani, wangapi, urefu gani, na wamepatikana kwa nyavu ngapi. Hilo la mwisho ndilo wengi hulisahau. Samaki mia moja kwa wavu mmoja ni habari njema, na samaki mia moja kwa nyavu ishirini ni msiba, hata kama tenga linaonekana limejaa vilevile.

Nawapa na hili bure. Usipime samaki unayekabidhiwa na mwenye tenga, kwa sababu atakukabidhi mkubwa kuliko wote, kama vile mgeni hapewi kiti kilichovunjika. Tumbukiza mkono katikati ya tenga bila kutazama, utoe unachokishika. Ubao uwe umelowa, la sivyo samaki atagandia na kupindika, na wewe utaandika uongo wa nusu inchi siku nzima. Na uvae nguo usiyoipenda.

Wavuvi wa wakati ule hawakutaka mwanamke apande mtumbwi wa nyavu. Kusafiri kama abiria ruhusa, lakini kwenda kutega nao, hapana, wangesema umewafungia ziwa. Kwa hiyo mimi niliandika kile tu kilichofika nchi kavu. Mwaka mmoja nilikaa wiki tatu Kisiwa cha Bumbire, na daftari langu likaonyesha kwamba katika ghuba moja hakuna kamongo hata mmoja. Mkubwa wangu alifurahi sana, akaandika kurasa nne kueleza kwa nini tope la ghuba ile halimfai kamongo. Kumbe wavuvi wote wa ghuba ile walikuwa wa ukoo mmoja, na kamongo, ambaye sisi Wahaya tunamwita emamba, ndiye muziro wao. Hawamli, hawamuui, hawampi mtu. Akinasa wanamfungulia anakwenda zake. Kamongo walikuwa wamejaa tele, tena wanene, maana hapakuwa na wa kuwagusa. Nilijua tu pale mzee mmoja aliponieleza, akaniuliza kama wasiokuja kanisani nao huwa naandika kwamba hawapo duniani.

Mngedhani nilijifunza. Nilidhani hivyo hivyo.

Sasa niwaambie habari za wakubwa wangu wawili. Bwana Kaijage alikuwa mtu wa kwetu, amesomea samaki Ulaya, na dirishani kwake alipanga chupa za jamu zenye mayai ya samaki ndani ya dawa. Ukimletea barua aisaini, kwanza atakuonyesha chupa. Bwana Mrisho alikuwa wa mipango ya uchumi, mzaliwa wa Pangani, na tangu aonje ndizi zetu alikuwa haombi uhamisho. Kwa Bwana Kaijage kila samaki aliyekamatwa alikuwa mama aliyekufa. Kwa Bwana Mrisho kila samaki aliyebaki majini alikuwa mali ya taifa iliyolala. Ofisi zao zilitenganishwa na ukuta wa mbao, ukipiga chafya huku unaombewa afya kule, lakini miaka miwili hawakusemezana. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na katikati ya mafahali hao alisimama Adelina, ndiye mimi, akibeba makaratasi kutoka mlango huu kwenda ule.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya mto mmoja mdogo upande wa Rubafu. Kando ya mdomo wake palikuwa na kijiji cha ujamaa kilichosifika kwa samaki aitwaye ningu. Ningu anaishi ziwani, lakini masika yakianza na mto ukifurika, anapanda mto kwenda kutaga mayai kwenye majani yaliyofunikwa na maji, kisha anashuka kurudi ziwani. Wanakijiji walikuwa wanafunga nyavu kutoka ukingo hadi ukingo wakati ningu wanapanda, wakiwa wamejaa mayai. Walivua hadi mitumbwi ikalemewa. Mwaka ule walikuwa wamepewa bendera ya kijiji cha kwanza kwa uzalishaji wa samaki, na waliahidiwa injini ya boti na nyavu mpya.

Bwana Kaijage alitaka mto ufungwe masika yote. Bwana Mrisho alitaka nyavu ziongezwe maradufu. Kamati ya mkoa ikachoka na barua zao, ikasema nitumwe mimi nikakae kijijini masika mazima, nirudi na hesabu moja yenye samaki na uchumi ndani yake, na kamati itafuata hesabu hiyo. Nilijisikia mtu mkubwa. Nilinunua hadi kalamu mpya.

Nilipewa malazi kwa Ma Kokwijuka, mjane wa makamo aliyeongoza akina mama wa kubanika samaki. Alikuwa mchekeshaji, na alinitania kwa kuwa nilikuwa napima samaki badala ya kutafuta mume. Lakini siku ya kwanza tu, tukimenya ndizi, alinieleza jambo lake bila utani. Masika kahawa bado mbichi mtini. Fedha ya kahawa itakuja baadaye sana, na ile ya mwaka jana imekwisha. Chumvi, sabuni, mafuta ya taa na sare za wanawe watatu vyote vinatoka kwa ningu.

"Mkifunga mto, mwana wange, mmefunga na jiko langu," alisema. "Andika na hilo."

Niliandika. Kila siku nilikaa mwaloni kuanzia mtumbwi wa kwanza hadi wa mwisho. Nikapima ningu mpaka nikawa nawaota. Niliwauliza wanakijiji nyumba kwa nyumba wanapata nini mwezi gani, kahawa, ndizi, pombe ya rubisi, samaki. Niliporudi Bukoba niliomba kwa jamaa wa ramani karatasi mbili zile zinazoonyesha upande wa pili. Juu ya moja nikachora mwaka wa ningu: lini wanapanda, lini wanashuka, wangapi wana mayai. Juu ya nyingine nikachora mwaka wa mfuko wa mwanakijiji. Kisha nikazibandika moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha, jua likipita nyuma yake. Hakuna aliyenifundisha, na nakiri nilijipenda sana asubuhi ile.

Mistari ilisema wazi. Majuma yale yale ambayo ningu wanapanda na mayai ndiyo mfuko wa kijiji unajaa kuliko mwaka mzima, ukiacha wakati wa kahawa. Ukifunga mto wakati huo, unawaua watu. Nikaandika kwamba mto usifungwe, kijiji kipewe injini, na nyavu ziongezwe kidogo. Nilisaini kwa kalamu mpya. Bwana Mrisho alinisifu hadi nikaona haya. Bwana Kaijage aliisoma ripoti mara mbili, akasema tu kwamba nimehesabu vizuri kila nilichoonyeshwa, akaigeukia chupa yake.

Wiki moja kabla ya kamati kukaa, nilirudi kijijini kuwapa habari njema. Ma Kokwijuka hakuwa nyumbani, nikazunguka nyuma ya nyumba kumtafuta kibanjani, kwenye shamba lake la migomba. Wasomaji mliokulia kwingine hamtaelewa, lakini mwanamke wa Kihaya hawezi kupita katikati ya migomba bila kuikagua. Migomba ya Ma Kokwijuka ilikuwa mikubwa ya kushangaza, mikungu imeinamia chini kwa uzito. Kwetu kibanja kizuri maana yake ni ng'ombe, samadi yake ndiyo siri yote. Ma Kokwijuka hakuwa na ng'ombe, wala jirani zake. Nikafukua kwa kidole cha mguu majani yaliyofunika shina. Nikaona magamba. Nikafukua zaidi, nikaona mifupa, vichwa, mayai yaliyokaukiana. Nilikwenda mgomba wa pili na wa tatu, na chini ya kila mmoja walikuwa wamelala ningu.

Ma Kokwijuka alinikuta nimeinama. Hakujaribu kunidanganya. Alikaa chini kwenye majani, nami nikakaa, akanieleza yote. Ningu anayepanda ana mafuta na mayai, huoza upesi. Anakuja wakati wa mvua kubwa, kuni zote zimelowa na moto unatoa moshi tu. Gari la kupeleka samaki mjini linakwama kwenye tope siku tatu, nne. Akina mama wanabanika wanachoweza, na kinachobaki kinazikwa kibanjani alfajiri. Hawakusema, kwa sababu bendera ilitolewa kwa uzito uliopimwa mwaloni, na kijiji kilichosifiwa mbele ya mkoa mzima hakiwezi kwenda kusema kwamba sifa yake imeoza. Wanaume walijua, viongozi walijua. Mimi peke yangu sikujua, nami nililala katika nyumba ile masika mazima. Kuhusu harufu, kijiji chote kilinuka samaki, na pua yangu ilikuwa imestaafu kabla yangu.

"Ulipima mwaloni, waitu," aliniambia kwa adabu ya Kihaya. "Jikoni hukuuliza."

Niliona aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Nilikuwa nimezidisha kila samaki aliyefika mwaloni kwa bei ya soko la Bukoba, wakati wengi wao hawakufika hata kwenye moto. Mstari wangu mzuri wa mfuko ulikuwa umejaa mbolea.

Nilimuuliza habari za ningu wanaoshuka. Akacheka, akasema wale wembamba hawana sifa mezani, lakini kwa kubanika hakuna kama wao. Hawana mafuta ya kuwaozesha, na wanashuka mvua inapopungua, kuni zinashika moto, gari linapita. Mmoja akibanikwa vizuri anafika hadi Muleba sokoni na bado anasubiri mnunuzi. Tatizo ni kwamba wanashuka wachache, maana wengi walikwisha kukamatwa wakipanda. Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Mimi nilikuwa nimesimama tayari, natafuta daftari.

Siku mbili tulizunguka vibanja, mimi na yeye na akina mama wenzake, tukihesabu mashimo. Kila mmoja alikumbuka alizika matenga mangapi, na akisahau mwenzake alimkumbusha, maana katika kuzika walikuwa wakisaidiana. Hiyo ndiyo takwimu bora kuliko zote nilizowahi kukusanya, na sikutumia ubao. Nilipochora upya karatasi ya mfuko na kuibandika juu ya ile ya samaki, kilele cha ningu wanaopanda kilikuwa kimeporomoka. Kile cha wanaoshuka ndicho kilikuwa na fedha ya kweli, na kingekuwa kirefu zaidi kama wanaopanda wangeachwa wapite. Waache wapande watage, wakamate wakishuka. Samaki na jiko walikuwa wanasema jambo moja, sisi ndio tulikuwa tunawagombanisha.

Niliogopa, siwafichi. Kwenda mbele ya kamati kusema ripoti yangu ni ya uongo ilikuwa sawa na kurudisha funguo za ofisi, na wapo waliokuwa wakingoja kwa hamu kusema mwanamke hafai. Tena kijiji kingepoteza injini kwa mdomo wangu, na Ma Kokwijuka angeonekana ndiye aliyewauza. Nilimwambia ninaweza kuliacha jina lake. Alinijibu kwamba shimo la kwanza limo kibanjani kwake, na jina lake likiondolewa watadhani ana la kuficha.

Kamati ilinisikiliza hadi mwisho. Nilipomaliza, Bwana Mrisho aliuliza polepole kama ameelewa, kwamba mwaka mzima amekuwa akipanga uzalishaji wa mbolea ya migomba. Nikasema ndiyo. Akaanza kucheka, akacheka hadi akavua miwani, na Bwana Kaijage ambaye alikuwa amekaa upande wa pili naye akashikwa na kicheko. Tangu siku ile walianza kusalimiana. Injini ilifutwa, kama nilivyoogopa. Kazi sikufukuzwa, lakini kamati iliamua kijiji kijaribu masika moja bila kutega ningu wanaopanda, na jaribio likishindwa mimi nihamishwe na mto urudie ulivyokuwa.

Mkutano wa kijiji ulikuwa mgumu kuliko kamati. Wanaume walitaka injini yao, na walimtazama Ma Kokwijuka kwa macho mabaya. Alisimama akawaambia kwamba miaka yote wao walishika bendera na akina mama walishika jembe la kuzikia, na kama kuna anayetaka kuendelea, azike mwenyewe. Waliinama. Kisha waliniuliza swali moja tu, ningu wanashuka siku ya ngapi baada ya kupanda. Nikafungua daftari, nikawaambia siku ya saba.

Masika yalikuja, mto ukafurika, ningu wakapanda. Hamjaona kitu kigumu kama kijiji kizima kimesimama ukingoni, mikono kifuani, kinatazama samaki wanene wakirukaruka kupita, na nyavu zimening'inia kwenye miti. Watoto waliuliza kwa nini, na mama zao wakawatuma kutafuta kuni. Siku ya saba tulitega. Nyavu zilirudi na majani. Siku ya nane majani. Siku ya tisa mwenyekiti hakuja kunisalimia, na nilisikia watu wakisema ningu wamepanda hadi Uganda.

Nyumbani kwa Ma Kokwijuka chumvi ilikuwa imekwisha siku nne nyuma. Tulikula ndizi bila chumvi, na sare ya mwanawe mkubwa ilikuwa bado dukani. Nilitamani aniseme, anigombeze, anifukuze. Badala yake kila siku alikausha kuni zake juu ya jiko, akazipanga, akaweka vichanja vya kubanikia tayari. Nilimwambia kwamba kama nimekosea tena sitajua pa kuuweka uso wangu.

"Kula," alinijibu. "Samaki hawakuisoma hiyo karatasi yako."

Siku ya kumi niliamshwa na kelele kutoka mtoni, nikafungasha vitu vyangu kwanza, maana nilidhani wamekuja kunifukuza. Kisha nikasikia akina mama wanapiga vigelegele, na mtu anaita matenga zaidi. Sikwenda mwaloni. Nilikaa kitandani nikalia kama mtoto. Jua lilipopanda Ma Kokwijuka aliingia, ananuka moshi mkavu, ameshika ningu mmoja aliyebanikwa ndani ya jani la mgomba, mwembamba, hana yai hata moja. Aliniwekea mapajani, akarudi mbio kwenye moto wake. Ubao wangu ulikuwa pale pale ukutani, lakini samaki yule sikumpima. Nilimla mzima, na kichwa chake.